Daftari la Mawe, Pujini

Asubuhi nafagia ukuta.
Usicheke, ukuta nao hufagiwa:
majani ya mkungu, kinyesi cha popo,
ganda la pipi la mwanafunzi kutoka Chake
aliyechora jina lake kwa msumari
pale ambapo mvua ya miaka mia tano
haikuthubutu kuchora lake.

Mshahara wangu ni wa mlinzi, daraja la chini,
lakini daftari langu ni la kifalme:
kila jiwe lina namba,
kila ufa una tarehe ya kuzaliwa.

Henrike ndiye aliyenifunza kuhesabu.
Alitoka Ujerumani na masanduku mawili,
moja la nguo, moja la vinyundo
vidogo kama vya daktari wa meno.
Kwao, akasema, kila kilima kina ngome,
na kila ngome ina mnara uliovunjika
na mzee mmoja anayegombana na serikali.
Mabwana wa zamani walifunga mto kwa mnyororo,
chombo kisipite bila ushuru.
"Basi walikuwa wezi," nikasema.
"Wezi wenye bendera," akajibu,
akaendelea kuugonga ukuta, taratibu,
sikio kaliegemeza, kama mkunga.

Saruji aliichukia kama shemeji mlevi.
Saruji huuziba ukuta pua, alisema.
Kwao waliipaka miaka hamsini wakijisifu,
mawe yakaoza ndani, uso unang'aa.
Chokaa hupumua. Chokaa husamehe.
Hilo, nikamwambia, Fundi Asaa analijua toka yuko tumboni.
Tukachoma matumbawe kwa magogo ya mnazi,
siku tatu moshi, kijiji kizima kinakohoa,
tukaimwagia maji ikatokota
kama chungu cha shetani,
kisha tukaifukia ili iive kwa miezi minne.
Mradi ulikuwa wa miezi mitatu.

Aliondoka chokaa ingali changa.
Akaniachia daftari na ukurasa mmoja mtupu,
juu yake kaandika: *Mawe yaliyotoweka*.

Mie nayajua.
Sita yamo katika msingi wa duka la Mbwana Chumu.
Moja ni kizingiti cha madrasa,
limelainishwa na visigino vya watoto.
Na matatu ya kona ya mashariki
yako jikoni kwa bibi yangu, Bi Mize Shaame,
yamebeba chungu.

Nilikwenda na toroli.
Ndiyo, na toroli, na barua yenye muhuri.
Alikuwa anakoroga uji wa pilipili manga.
Barua akaishika juu chini, akaikunja,
akaisukuma chini ya kikapu cha muhogo.
"Haya, n'eleze. Mawe haya nani aliyaleta ngomeni?"
Nikamtaja mtawala, kama alivyoandikwa kibaoni.
"Sikuuliza nani aliyataka.
Nimeuliza nani aliyaleta."

Nikanyamaza.
Kila mtoto wa Pujini ameisikia:
watu wakisota kwa makalio, wasemavyo wakubwa,
jiwe mapajani, mjeledi mgongoni,
toka pwani mpaka juu.
Kama ni kweli au ni hadithi
wasomi wangali wanabishana.

"Huyo alosota ni mtu wetu," akasema.
"Kalipa. Stakabadhi ndiyo hii."
Akaligonga figa kwa mwiko.
"Na stakabadhi hairudishwi dukani."
Kisha akanipa bakuli,
nikanywa nimekaa juu ya toroli.

Nilimwandikia Henrike.
Jibu lilikuja baada ya mvua za vuli:
banda la nguruwe la babu yake, huko kwao,
lina jiwe lililochongwa simba,
miguu juu, kichwa chini,
na hakuna aliyewahi kulifuata na toroli.

Sasa chokaa imeiva, laini kama samli baridi.
Naziba ufa wa kona ya mashariki,
nauzunguka, naacha mapengo matatu.
Popo mmoja kishahamia.
Na daftarini, kwa mwandiko wangu wa sikukuu,
nimeandika:

*Mawe matatu.
Hayakutoweka.
Hali: yana moto.*